Rola ya Kupandishia Kayaki Juu ya Gari: Inamfaa Aliye Peke Yake?

Habari zenu watazamaji. Kifaa cha leo ni rola ya kupandishia kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia, juu ya gari: fremu fupi yenye rola laini juu, na chini ina vikombe vya mpira vinavyong'ang'ania kioo cha nyuma. Kwa mtu asiye na msaidizi, mwenye kayaki ya plastiki ya kilo 20 hadi 30, naipendekeza bila kusita. Ila kuna magari haiyafai.

Uzuri wake ni kwamba hubebi kayaki nzima hata mara moja. Tandika mkeka wa mpira nyuma ya gari, tezi (ncha ya nyuma ya kayaki) ikae hapo isiteleze, kisha inua omo (ncha ya mbele) uiegeshe kwenye rola. Kayaki ya kilo 26 inakulemea kama kilo 13 tu. Zunguka, inua tezi, sukuma. Kadiri inavyosonga mbele, mikono inazidi kupata nafuu, maana rola inakaribia katikati ya kayaki.

Sasa tazama hivi vikombe, kwa sababu vikiachia kioo, kayaki inaweza kuanguka. Vumbi kidogo tu linapitisha hewa. Futa kioo na vikombe kwa kitambaa chenye maji, kandamiza hewa itoke, halafu vuta fremu kwa nguvu. Ikicheza, anza upya. Kwenye baridi mpira hukakamaa. Uchovye kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Na egesha gari upepo usilipige ubavuni, kwani kayaki ikiwa juu ya rola ni rahisi kupeperushwa pembeni.

Spoila kubwa ya nyuma, lile bawa la juu ya kioo, inaweza kuvunjika, kwa hiyo gari la namna hiyo siishauri. Gari refu nalo linakulazimu kuinua omo kupita kichwa. Kwa gari hilo, afadhali nondo ya kuchomoza ubavuni mwa keria ya paani, upandishie kayaki upande.

Ikishakaa juu, rola imemaliza kazi. Ibandue, ufunge mikanda miwili ya upana wa sentimita 2.5 na urefu wa mita 4 hivi, yenye kibano cha kuvuta kwa mkono. Kila mmoja upite chini ya nondo ya keria pande zote mbili. Mikanda ya racheti, ile ya kukazwa kwa mpini wa meno, iacheni: inakaza kupita kiasi, plastiki inabonyea, faiba inapasuka. Ipe mikanda msokoto mmoja isivume njiani. Tikisa kayaki: gari zima likitikisika nayo, imekaza. Ongeza kamba ya omo na ya tezi, zifungwe kwenye chuma cha kuvutia gari, si kwenye plastiki ya bampa.

Kabla ya kununua, soma kitabu cha gari lako. Kikomo cha uzito wa paa kinahesabu keria pamoja na kayaki, na kikomo cha keria kikiwa kidogo zaidi, fuata hicho.