Uzoefu wangu na ExifTool: nilivyopata tarehe za kweli za picha za mama

Mama alipofariki, mimi nilipewa kazi ya kukusanya picha zake. Zilikuwa kwenye simu tatu, kamera ndogo ya kaka, na flashi iliyojaa. Nilipozimwaga kwenye kompyuta, zote zilionyesha siku moja: siku ambayo fundi wa simu alizikopi. Krismasi, mazishi ya babu, mahafali ya mdogo wangu, zote Jumanne ileile!

Tarehe hiyo ni ya faili tu. Kamera huandika tarehe ya kupiga ndani ya picha yenyewe, na ExifTool ndiyo iliyonisomea. Ni programu ya bure ya Phil Harvey wa Kanada, ipo tangu 2003. Haina vitufe vya kubonyeza, unaandika amri, na jioni ya kwanza ilinitoa jasho. Niliandika exiftool -time:all -s na jina la picha, ukaja mstari DateTimeOriginal: 2011:12:25 13:42:07. Saa saba na dakika arobaini na mbili mchana. Mama amebeba sinia la pilau, mvuke umemfunika nusu ya uso. Niliutazama mstari ule kwa muda mrefu.

Baada ya hapo niliipa folda nzima majina mapya kwa tarehe za ndani:

exiftool "-FileName<DateTimeOriginal" -d "%Y-%m-%d_%H%M%S%%-c.%%e" Picha

Video zilinisumbua. Nyingi hazina DateTimeOriginal, inabidi utumie CreateDate, na saa yake kwa kawaida huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa. Sherehe ya saa mbili usiku ilisomeka 17:00, yaani saa tatu nyuma ya saa zetu. Ukiongeza -api QuickTimeUTC inakaa sawa. Picha za kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo ndizo sikufanikiwa nazo: zikishatumwa, tarehe ya ndani huwa imeondolewa. Jina kama IMG-20190412-WA0003 linakupa siku ya kutumwa tu, kwa hiyo ndugu zangu, ombeni faili halisi kwa aliyepiga.

Kamera ya kaka nayo ilikuwa imeishiwa betri, saa yake ikarudi Januari 2005. Programu inasoma kilichoandikwa, haijui kama ni kosa. Nikatafuta picha moja yenye ushahidi: ubatizo wa mpwa wangu. Kamera inasema 6 Januari 2005, cheti cha kanisa kinasema 11 Aprili 2010. Tofauti ni siku 1921. Niliandika "-AllDates+=0:0:1921 0:0:0" kwa folda ile, nayo ikaziweka pembeni nakala za zamani zenye _original mwishoni, jambo lililonituliza sana. Picha za mama akipanda mahindi, matope hadi magotini, zikaangukia mwisho wa Aprili, katikati ya masika. Baba alipoziona akasema, ndiyo, ni mwaka ule mvua ilipotukuta shambani.