Kuadhimisha Ndoa Kando ya Ziwa: Pa Kwenda kwa Mtu wa Dar, Kuanzia Pazuri Zaidi

Mtu wa Dar akitaka kumtoa mwenzi wake siku ya kumbukumbu ya ndoa, mara nyingi haendi mbali na bahari. Kigamboni, Bagamoyo, na mfuko ukiruhusu, Unguja. Sina ugomvi na bahari. Lakini ufukwe wa Jumamosi una muziki, una watoto wa watu, una vijana wa kuuza korosho na wa kupiga picha, na mtandao unashika kila kona. Wawili waliomaliza mwaka wakipishana mlangoni, mmoja akiwahi daladala ya alfajiri na mwingine akirudi usiku, wanahitaji mahali pa kukaa pamoja bila cha kuwavuta pembeni. Ziwa linafaa sana kwa hilo, na lipo karibu kuliko wengi wanavyodhani.

Chaguo hizi nimezipanga kwa kipimo kimoja: mtapata saa ngapi za kukaa macho mkiwa mmetulia, ukilinganisha na saa mtakazotumia njiani. Bei ya chumba inafuata baada ya hapo. Chumba cha bei nafuu mlichokifikia baada ya siku nzima ya basi, mkalala kama magogo na kesho yake mkaanza kurudi, ni ghali mno.

Ya kwanza: maziwa ya Rufiji

Ukiwauliza watu wa mjini ziwa la karibu ni lipi, wengi watakutajia Victoria. Ukweli ni kwamba ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, kuna maziwa kadhaa yaliyounganishwa na Mto Rufiji: Manze, Nzerakera, Siwandu, Tagalala. Ni maziwa madogo yenye mivumo na mikoche kandokando, viboko kwa makundi, mamba, na ndege wa kila rangi. Usiyachanganye na bwawa la umeme la Mwalimu Nyerere, ambalo liko juu zaidi ya mto.

Kwa gari mnatoka Mbagala, mnapita Mkuranga hadi Kibiti, kama kilomita 140 za lami. Kibiti jazeni mafuta, kisha mnaingia barabara ya Mloka, ambayo sehemu kubwa ni ya vumbi. Mkitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kabla Barabara ya Kilwa haijafunga, mnafika mchana wa chakula. Kwa ndege ndogo kutoka Dar ni chini ya saa moja, ila nauli ya wawili inaweza kuzidi gharama ya malazi.

Hapa kuna uamuzi mkubwa wa pesa: kulala ndani ya hifadhi au nje. Nje maana yake ni upande wa Mloka, kabla ya lango la Mtemere, ambako kuna kambi na nyumba za wageni kando ya mto. Ukilala nje, ada ya hifadhi unailipa siku ile tu unayoingia. Ukilala ndani, ada inahesabiwa kwa kila saa 24 na malazi yenyewe ni ya bei ya juu, lakini mnaamka ziwa likiwa mbele ya hema. Ushauri wangu kwa wenye bajeti ya kawaida: laleni nje siku mbili, na ingieni ndani mara moja, siku nzima. Wenye uwezo, au wanaotimiza miaka 10, 25 na kadhalika, wajipinde walale ndani walau usiku mmoja.

Beba kitambulisho cha NIDA. Raia wanalipa ada kwa shilingi, tena ndogo sana ukilinganisha na ya wageni wa nje. Kama mmoja wenu si raia wa Afrika Mashariki, ulizia ada yake mapema, maana hiyo peke yake inaweza kubadilisha hesabu yote.

Cha kununua hapa kwa vyovyote vile ni safari ya boti ya jioni. Mnapanda saa kumi hivi jua likianza kulegea. Nahodha anakata injini katikati ya ziwa na boti inabaki inaelea. Kwanza mnaona masikio tu juu ya maji, mawili mawili, halafu pua, halafu kiboko mmoja anatoa pumzi kwa kishindo na mwenzako anakushika mkono bila kutaka. Kwenye kingo za udongo keremkerem wameuchimba ukuta mzima matundu ya viota, na mamba wamelala chini yake midomo wazi. Mtapita pia karibu na tembo wanaokunywa maji. Wala usidhani safari ya gari ya mchana kutwa inaweza kuchukua nafasi ya boti. Kama pesa inatosha kimoja tu, chukua boti.

Wakiwa ndani ya hifadhi wengine huenda kwenye chemchemi za maji moto karibu na Tagalala. Kama kambi yenu inapanga safari hiyo, ombeni, inapendeza.

Ya kuzingatia ni haya. Ziwani hamuogelei kabisa, mamba hawana kumbukumbu ya ndoa. Nguo nyeusi na za bluu iliyokolea ziacheni nyumbani kwa sababu zinavuta mbung'o. Usiku hamtoki kwenye hema bila askari mwenye tochi, kwa kuwa tembo na viboko hupita kambini. Mkimaliza chakula anawasindikiza hadi mlangoni. Na msipange Aprili. Wakati wa masika barabara ya Mloka inageuka tope, kambi nyingi hufungwa, na mwaka 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba za watu Rufiji na Kibiti. Kuanzia Juni hadi Oktoba ndipo pazuri, maana wanyama wanasogelea maji.

Ya pili: Mwanza

Ikiwa kipimo chako ni kitanda kizuri, maji mengi mbele ya dirisha na kula vizuri bila kuwaza mbung'o, Mwanza ndiyo yenu. Naiweka ya pili kwa sababu moja tu: lazima mpande ndege. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,100, na hiyo haifai kwa wikiendi. Kwa ndege ni kama saa moja na nusu, na Air Tanzania na Precision Air wote wanaruka huko. Tiketi zikikatwa wiki kadhaa kabla huwa na unafuu mkubwa kuliko zikikatwa wiki ya safari.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, hivyo sehemu nyingi ukilitazama huoni ng'ambo. Ila lina kitu ambacho bahari yetu haina. Dar jua linachomoza baharini, linazama nyuma ya majengo na foleni. Mwanza linazama ziwani. Na kwa kuwa mko magharibi zaidi kwa saa ileile ya taifa, giza linachelewa karibu nusu saa kuliko Dar. Jua linashuka karibu saa moja jioni. Kwa wawili waliokuja kukaa tu, hiyo nusu saa ni zawadi.

Chagueni eneo kwanza, hoteli baadaye. Capri Point ni karibu na mjini, ina utulivu, na mnaweza kutembea kwa miguu. Upande wa Ilemela na Malaika ni karibu na uwanja wa ndege na una fukwe za mchanga, lakini wikiendi muziki unapigwa. Zipo pia hoteli za juu ya mawe, mlimani. Kutoka huko ziwa linaonekana vizuri kuliko ukiwa ufukweni, na kelele hazifiki. Mimi ningechukua mlimani. Mkipiga simu msiulize "mna chumba cha kutazama ziwa?" Kila mtu atasema kipo. Waambie wakutumie picha ya WhatsApp iliyopigwa leo, kutoka ndani ya chumba chenyewe, dirisha likiwa wazi. Magugu maji yakijaa kwenye ghuba yenu mtayaona hapohapo.

Siku ya pili nendeni Saanane. Ni kisiwa na ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, na boti kutoka Capri Point inachukua dakika chache tu. Mtaona swala pala, pimbi juu ya mawe, na ndege wengi. Ombeni kufungiwa chakula mkalie huko juu ya jiwe. Jioni mle sato mzima wa kukaanga na ugali, mahali popote penye wateja wengi wa hapohapo. Usiagize prons Mwanza.

Kuogelea: bwawa la hoteli, ndiyo. Ziwani kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hapana, kwa sababu ya kichocho. Na siku fulani hutokea mawingu ya vijidudu vidogo yanayopanda kutoka ziwani kama moshi. Hawaumi, ila taa ya barazani izimwe.

Ya tatu: Chala na Duluti, kwa wanaopanda kaskazini

Hizi sishauri mtu atoke Dar kwa ajili yake peke yake. Lakini kuna maelfu ya wanandoa wa Dar wanaopanda Moshi na Arusha kila Desemba, na ndoa nyingi zilifungwa Desemba hiyohiyo. Basi, nauli mmeshalipa. Waacheni watoto kwa bibi yao usiku mmoja.

Ziwa Chala liko Rombo, mpakani na Kenya. Ni shimo la volkano lililojaa maji yanayotoka Kilimanjaro chini ya ardhi, na rangi yake hubadilika kati ya bluu na kijani. Mnalitazama kutoka juu ya ukingo. Kushuka hadi majini ni njia ya mwinuko mkali inayotaka viatu vya kweli. Duluti ni dogo, liko Tengeru karibu kabisa na Arusha, limezungukwa na msitu, na mnaweza kulizunguka kwa miguu au kwa mtumbwi kisha mkarudi kulala mjini. Kama mmoja wenu ana magoti mabaya, Duluti. Kama mnataka kulala mkisikia upepo tu, Chala.

Ya nne: Matema

Kwa uzuri mtupu, Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa huko Kyela, ningeiweka ya kwanza. Ziwa Nyasa lina maji maangavu, Milima ya Livingstone imesimama pembeni yake, na akina mama wa Kikisi wa Ikombe bado wanafinyanga vyungu kwa mkono. Wali ni wa Kyela, hauhitaji maelezo. Lakini ni ndege hadi Songwe, kisha gari kupita Tukuyu na Kyela, na siku yote imekwisha. Kyela nayo ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana nchini, hivyo epuka Machi hadi Mei. Kwa likizo ya wiki nzima, nendeni. Kwa wikiendi, hapana.

Kuna wanaoulizia Bwawa la Mindu tangu treni ya SGR ianze kwenda Morogoro mwaka 2024. Safari ya treni ni fupi na ya raha, lakini Mindu ni chanzo cha maji ya kunywa ya mji, si mahali pa mapumziko. Mkienda Morogoro, nendeni kwa ajili ya milima ya Uluguru.

Na mwenye usiku mmoja tu na bajeti ya kubana asijilazimishe ziwa. Aende Bagamoyo, siku ya katikati ya wiki, wakati bei iko chini na ufukwe uko mtupu.

Kabla hujatuma hela

Hoteli nyingi zina bei mbili: ya wageni wa nje na ya wakazi. Ile unayoiona mtandaoni mara nyingi ni ya kwanza. Piga simu, sema hivi: "Habari za kazi, dada. Naomba bei ya wakazi kwa watu wawili, siku mbili, pamoja na milo mitatu, kodi zote zikiwemo." Maneno "kodi zote zikiwemo" usiyasahau, maana VAT ikija kuongezwa mwishoni inauma. Kwa kambi za Rufiji ongeza swali: boti imo au ni malipo ya pembeni? Na ada ya hifadhi ya kila mmoja wetu imo?

Kuna kurasa za matapeli zinazotumia picha za hoteli za watu. Ukilipa kwa lipa namba, jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa jina la mtu binafsi badala ya la hoteli, simama hapohapo, tafuta simu ya mapokezi kwa njia nyingine uulize. Lipa advansi tu, nusu au chini ya hapo, na uombe risiti na masharti ya kurudishiwa ikiwa mvua itafunga barabara.

Waambie pia mapema kwamba ni kumbukumbu ya ndoa. Sehemu nyingi watawapambia kitanda au watawatengea meza ya peke yenu bila kuongeza bei, lakini wanahitaji kujua walau siku mbili kabla, maana kule Mloka hata keki inatoka Dar. Na kama tarehe yenu inaangukia masika, kateni keki nyumbani siku yenyewe, halafu wekeni nafasi ya Juni.