Siku nne Mlima Meru: niliyoyaona na ya kuuliza kabla hujalipa

Nimezaliwa Tengeru, karibu na Arusha. Mama hakuanika mahindi kabla ya kuutazama Mlima Meru: ukiwa umejifunika wingu zito, mahindi yalibaki ndani. Pamoja na kuishi chini yake utoto wote, nilifika miaka 38 bila kukanyaga popote juu ya mashamba ya mwisho ya kahawa. Februari iliyopita nilichukua likizo Dar es Salaam, nikamkokota na mdogo wangu wa kiume, tukaenda kuupanda. Ndugu na marafiki wananiuliza sana, kwa hiyo naandika yote hapa.

La kwanza ni siku. Meru huuzwa kwa siku tatu au nne. Kampuni tuliyokwenda nayo, ambayo sitaitaja jina, ilinikubalia siku nne kwenye simu, lakini karatasi niliyopewa Arusha jioni ya kuamkia safari ilikuwa imeandikwa tatu. Niligoma. Tulibishana karibu saa nzima, mwisho wakabadilisha nami nikaongeza fedha ya siku moja. Sijutii hata senti. Kwenye ratiba ya siku tatu, siku ile ile unayofika kileleni, zaidi ya mita 4,560 juu ya bahari, unatakiwa uteremke mpaka geti la Momella lililo kwenye mita 1,500 hivi. Hizo ni mita elfu tatu za kushuka, baada ya usiku ambao hukulala. Tulipishana na vijana wawili waliokuwa na ratiba hiyo, mmoja akishuka kinyumenyume kwa maumivu ya magoti. Sisi tulilala njiani, kibanda cha Miriakamba, tukamalizia kesho yake.

Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha na mgeni, ila usisahau kitambulisho cha taifa.

Momella tulikabidhiwa askari wa hifadhi mwenye bunduki. Huko huwezi kupanda bila yeye, kwa sababu njia inapita katikati ya nyati na tembo. Askari mmoja huchukua zaidi ya kundi moja, na hili nashauri ulijue mapema: sisi tuliunganishwa na wageni wanne waliokuwa wepesi kuliko sisi. Mwongozaji wetu alilitatua kabla hatujaanza. Alimwomba afande tutangulie sisi wa polepole, wenye mbio wafuate. Kwangu alisema neno moja tu, nikalishika mpaka juu: "Dada, ukiona huwezi kuzungumza, ujue tunakwenda haraka."

Siku ya kwanza tulipita njia ndefu, ile inayopita chini ya mtini mkubwa ambao mizizi yake imefanya tao la kutosha gari kupita. Twiga walikuwa bondeni, mbega juu ya miti, ukungu ukashuka kwenye msitu na ndevu za kijani zikaning'inia kila tawi. Halafu, juu kidogo, msitu ukafunguka na nikasimama.

Sisi wa upande wa Arusha tunaujua Meru kama pia iliyosimama, mlima mzima usio na kovu. Upande wa mashariki haupo. Maelfu ya miaka iliyopita ukuta mzima wa upande ule uliporomoka, mawe na tope vikamwagika bondeni, na maziwa ya Momella yamekaa juu ya kifusi hicho. Mwongozaji alionyesha kwa fimbo yake, kutoka pengo lilipo mpaka maziwa yanapometameta, nikaelewa jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza. Ndani ya bakuli hilo kuna kilima cheusi cha majivu, na nyuma yake ukuta wa mwamba unaopanda wima zaidi ya mita elfu moja mpaka kileleni. Miaka yote ile nilikuwa naangalia mgongo wa mlima. Machozi yalinitoka na sioni aibu kulisema.

Siku ya pili ni ngazi, ngazi, ngazi, kutoka Miriakamba mpaka kibanda cha juu, Saddle Hut, mita 3,570 hivi. Kuna mahali pa kupumzikia panaitwa Mgongo wa Tembo, na kinyesi kwenye ngazi kilionyesha jina halikutolewa bure. Alasiri, badala ya kulala, tulipandishwa Meru Ndogo, kilele cha pembeni cha mita 3,800 na kidogo, kisha tukarudi kulala chini yake. Usikatae hata kama umechoka, maana mwili unazoea hewa nyembamba kwa namna hiyo: panda juu, lala chini.

Chakula kilikuwa kizuri kupita nilivyotarajia. Mpishi alitupa supu ya moto kila jioni, bisi na chai ya tangawizi kila tulipofika kibandani, na alipoona mdogo wangu hali nyama alimpikia ndizi bila kuombwa. Lawama yangu ni begi la kulalia tulilokodishiwa. Zipu lilikuwa limekufa, na usiku wa Saddle Hut si mahali pa kugundua hilo. Fungua na ujaribu kila kitu mjini.

Tuliamshwa saa saba usiku. Uji, tochi za kichwani, nguo zote mwilini. Mpaka Rhino Point, mahali ambapo inasemekana ilikutwa mifupa ya faru, tulikwenda vizuri. Hapo mdogo wangu akatapika. Akasema ni uji tu, tuendelee. Mwongozaji hakubishana naye. Alimuuliza kichwa kinauma wapi, akamuuliza tarehe, akamwambia atembee hatua kumi kisigino mbele ya vidole. Hatua ya nne akayumba. "Kaka, leo safari yako imeishia hapa," akamwambia kwa upole, huku amemshika bega. Mdogo wangu alimsihi, na mimi nilimsihi pia, Mungu anisamehe. Hakutikisika. Mwongozaji msaidizi akamteremsha, na walipofika Saddle Hut kichwa kilikuwa kimeanza kupoa. Kulipokucha alikuwa anakunywa chai.

Kama huna nafasi ya kusoma mengine, soma hili: kabla ya kulipa, uliza kama kuna mwongozaji msaidizi. Asingekuwepo, mmoja akiugua wote mnarudi, au, mbaya zaidi, mgonjwa anaburuzwa juu ili wengine wasikose kilele. Mimi sikuuliza. Niliangukia bahati.

Baada ya Rhino Point njia inashuka kidogo, unashika mwamba kwa mikono, kisha unafuata ukingo wa bakuli kwenye majivu yanayorudisha mguu nusu ya kila hatua. Gizani sikuona lolote ila visigino vya mwongozaji. Jua lilichomoza upande wa Kilimanjaro, mlima ulio kilomita kama 70 kutoka pale, likawa jekundu, na kivuli cha Meru kikalala juu ya mawingu upande wa pili. Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa Kilele cha Ujamaa. Upande wa Tengeru sikuona kitu, wingu lilikuwa limetanda lote. Nikajua mama yuko chini ya lile wingu, ametoka nje, ameutazama mlima, na mahindi hayajatoka leo.

Kurudi mchana ndipo niliuona ukingo niliokuwa nimeupita: kule ndani ya bakuli hakuna kitu ila hewa. Kama unaogopa sana vimo, mwambie mwongozaji mapema, atakuweka upande wa mlima na hatakuharakisha.

Wagumu waliobeba mizigo yetu walifika kibandani kabla yetu kila siku na walitupokea kwa "pole dada" kila siku. Kampuni ilinishauri niwape bakshishi yote kwenye bahasha moja ya kiongozi. Nilikataa, nikampa kila mmoja mkononi mbele ya wenzake, na nyuso zao zilinieleza kwamba nilifanya sawa. Fedha ya bakshishi ipange tangu nyumbani, isiwe mabaki ya nauli.

Mengine ya kubeba: glavu mbili, moja ndani ya nyingine, maji lita tatu usiku wa kilele, chupa imegeuzwa kichwa chini kwenye begi ili mdomo usigande, buti ulizozivaa angalau mwezi mmoja. Dawa ya kuzuia ugonjwa wa kimo mwulize daktari wako, si rafiki. Machi mpaka Mei ni masika, njia inateleza, ningeepuka.

Mdogo wangu anarudi Julai. Safari hii hapitii kampuni ile, amempigia simu yule mwongozaji aliyemrudisha, na ameshamwambia siku nne.