Kung'oa Mashine ya Ndani na Kuweka ya Kupachika: Ununue Ipi Bagamoyo

Maji yakipwa Bagamoyo, chombo kinakaa mchangani, na hapo mwenye dizeli ya ndani anaiona adha: shafti na panga (propela) viko chini, havinyanyuki. Ya kupachika, ile inayofungwa nje nyuma ya chombo, unaiinua tu. Ila kabla hujaenda dukani, pima tezi (ukuta wa nyuma wa chombo), kuanzia ukingo injini itakapokaa hadi chini ya chombo. Ukipata sentimita 38 hivi, chukua injini ya mguu mfupi. 51, mguu mrefu. Watu wanaumia hapa kuliko kwenye chapa. Bamba lililo juu ya panga lisimame sawa na chini ya chombo au lishuke kidogo zaidi. Likipanda, panga linavuta hewa, injini inanguruma na chombo hakiendi.

Kwa mashua au boti ya faiba ya mita 7 hivi, mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni Yamaha Enduro 40 (HP 40, yaani nguvu farasi 40) ya stroki mbili, mpya. Inakunywa petroli, sikatai, lakini haina mambo mengi ya umeme na fundi wa pwani anaijua ndani nje. Oili inachanganywa na petroli; injini ikishazoea kazi ni 1 kwa 50, yaani mililita 400 kwa lita 20 za petroli, ila ikiwa mpya kabisa fuata kitabu chake. Pima kwa chupa, usikadirie kwa macho.

Ya pili, stroki nne ya nguvu hiyohiyo. Kwa anayebeba watalii ningeipa namba moja: imetulia, haina moshi, na lita zinakwenda mbali. Ni nzito zaidi, na petroli ya dumu chafu inaisumbua mapema.

Ya tatu, mtumba. Iwashwe mbele yako ikiwa baridi, na maji ya kuipoza yatoke kwa nguvu kwenye kitundu chake. Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10, achana nayo. Kisha legeza skrubu ya chini ya oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia, na punguzo la bei lisikudanganye.

Ya mwisho, HP 15. Kwa ngalawa sawa. Kwa mashua iliyozoea dizeli, kusi likichachamaa utatafuta tanga.

Anayevuta jarife (wavu mkubwa) zito kwa mashua kubwa abaki na dizeli yake. Panga kubwa la mzunguko wa taratibu linasukuma mzigo vizuri zaidi.

Na bajeti isiishie kwenye injini. Tundu la shafti lizibwe kwa mbao ngumu na kalafati (pamba ya kuziba nyufa). Kama chombo ni cha faiba, lizibwe kwa faiba pande zote mbili. Tezi iongezwe unene na ifungwe hadi kwenye mataruma (mbavu za chombo), maana ndiyo inayobeba msukumo wote sasa. Uzito umehamia nyuma, kwa hiyo sanduku la barafu lisogezwe mbele. Madumu ya petroli nayo yasikae kwenye shimo la mashine ya zamani: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatulia humo chini, na cheche moja inatosha kuulipua.