Sentensi za masharti mseto za Kiingereza: kujaza nafasi au kutunga mwenyewe?

Mazoezi ya kujaza nafasi mara nyingi huwa na majibu nyuma ya kitabu, hivyo hata ukisoma peke yako kosa unaliona papo hapo. Umbo la kitenzi hukaa kichwani haraka. Lakini ugumu wa sentensi hizi za mseto ni kuchanganya nyakati mbili: "If I had studied nursing, I would be working now" ina sharti lililopita na matokeo ya sasa, ilhali Kiswahili sanifu kimetuzoesha kulinganisha pande zote mbili za sentensi, -nge- kwa -nge-, -ngali- kwa -ngali-. Hapo kutunga kuhusu maisha yako hushinda, tena kwa gharama ya daftari tu, mradi upate msahihishaji. Asipokuwepo, kosa huota mizizi. Mwenye mtihani karibu aanze na kitabu. Anayejiandaa kwa usaili wa kazi atunge, kwa sauti.