Laptopu ya mwanafunzi: ipi uchukue, na maneno ya mfumo endeshi ya kujua kabla hujalipa

Chuo kikikaribia kufunguliwa swali ni lile lile, nina hela ya mawazo nichukue laptopu gani, na majibu nayo yale yale, chukua HP, hapana chukua Dell, mi nina Lenovo haijawahi kunisumbua. Sawa, ila kampuni zote hizo zina mashine kali na zina za kawaida kabisa, kwa hiyo jina peke yake halikupeleki mbali. Mi huwa naanzia kwenye mfumo endeshi. Nauliza mashine inaendeshwa na nini, huo mfumo unataka hadiwea (vifaa vyenyewe vya mashine) ya namna gani, na umebakiza miaka mingapi ya kupata apdeti. Ukishajua hayo ndo uje kwenye rangi na taa za kibodi.

Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayokaa katikati ya hadiwea na programu zako. Windows, macOS, ChromeOS, Linux, zote kazi yao ni hiyo. Sehemu yake ya ndani kabisa inaitwa kerneli, na hiyo ndo inaamua programu gani ipate prosesa sasa hivi na ipi isubiri, nani apewe RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa zinafanyia kazi) kiasi gani, nani aruhusiwe kusoma diski. Ukibonyeza kuhifadhi asainmenti yako, Word haiendi yenyewe kwenye diski, inaiomba kerneli, kerneli nayo inampa kazi draiva, yaani kile kiprogramu kinachojua kuongea na kifaa fulani. Ndo maana Wi-Fi inaweza kuwa nzima kabisa na bado isiwake: draiva yake haipo tu.

Sasa neno ambalo naomba ulishike kuliko yote ni RAM, maana hapo ndo wengi wanapigwa. Kila programu ikifunguka inakuwa mchakato, na kila mchakato unadai sehemu yake kwenye RAM. Ikijaa, mfumo hauzimiki, unafanya ujanja: unachukua vipande ambavyo havijaguswa muda mrefu unavihamishia kwenye diski kwa muda, ukivihitaji tena unavirudisha. Hiyo ndo kumbukumbu pepe. Kwenye Windows inakaa kwenye faili linaloitwa pagefile, kwenye Linux wanaiita swap. Ujanja mzuri, tatizo diski ni taratibu mno ukilinganisha na RAM, na kama diski yenyewe ni HDD ya kizamani yenye sahani inayozunguka basi mashine inakuwa inajikokota mpaka unachukia kusoma.

Hili unaweza kuliona kwa macho yako ukiwa bado hujatoa hata senti. Muuzaji akiiwasha, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, inafunguka Task Manager, nenda kwenye kurasa ya Performance halafu tazama mstari wa Memory na wa Disk. Mashine ya 4GB yenye Windows 11, hata hujafungua kitu, utakuta RAM imeshaliwa zaidi ya nusu. Fungua brauza na tabo kadhaa, weka video moja, fungua na Word. Ukiona Disk inapanda hadi 100% na haitaki kushuka, kidole kikibofya dirisha linajibu baadaye, ujue mfumo unahamisha vitu huku na huku kwa sababu RAM imeisha. Muuzaji atakwambia "inapasha moto tu hiyo, ikizoea itakuwa fasta". Haitakuwa.

Haya, tuje kwenye kuzipanga laptopu zenyewe, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho.

Namba moja kwangu ni laptopu iliyotumika maofisini, yenye Windows 11, SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka, ya haraka kuliko HDD), na RAM 8GB kwenda juu. Ukipata 16GB chukua usiulize mara mbili. Hizi za maofisini, zile za familia ya ThinkPad, Latitude, EliteBook, zinatengenezwa kwa ajili ya mtu anayefanya kazi siku nzima, na nyingi (sio zote) fundi anaifungua anaongeza RAM au anabadilisha SSD. Na Windows inabaki kuwa salama zaidi kwa mwanafunzi ambaye hajui mwaka wa pili watamwambia atumie programu gani. SolidWorks na ArcGIS Pro kwa mfano zimeandikwa kwa ajili ya Windows tu, ukiwa uhandisi au jiografia hapo huna mjadala.

Ila hapa kuna mtego mkubwa. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 na ina masharti: TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya kutunzia funguo za usalama, Secure Boot, yaani kinga inayozuia programu isiyoaminika kuwaka pamoja na mashine, RAM isiyopungua 4GB, hifadhi isiyopungua 64GB, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel kwa ujumla inaanzia kizazi cha 8 na kwa AMD inaanzia Ryzen za 2000. Windows 10 nayo apdeti zake za bure za kawaida ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Sasa kuna mafundi wanaingiza Windows 11 kwa njia za panya kwenye mashine ambayo haikubaliki, inawaka, inapendeza, inauzwa kama "iko na Windows 11 mpya", halafu toleo kubwa linalofuata linagoma kuingia na wewe ndo unabaki nayo.

Kwa hiyo usidanganywe na stika ya i7. Soma namba yote. i7-3520M ni ya mwaka 2012, ina kiini mbili (sehemu za prosesa zinazofanya kazi), kizazi cha 3. i5-8250U ni ya 2017, ina kiini nne, kizazi cha 8, na Windows 11 inaikubali bila fitina. Hiyo namba inayoanza baada ya kistari ndo kizazi (ikianza na 1 kama i5-10210U, kizazi ni tarakimu mbili za mwanzo, yaani 10). Kuiona, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, kila kitu kipo pale. Kwa TPM andika tpm.msc. Dakika mbili tu na muuzaji mwenye nia njema hatakasirika.

Namba mbili ni hiyo hiyo mashine ambayo Windows 11 imeikataa, ila uichukue kwa bei ya kukataliwa na uweke Linux. Nasema kweli. Laptopu ya kizazi cha 4 mpaka cha 7, RAM 8GB, ukiitupia SSD na Linux Mint au Ubuntu inakimbia vizuri tu. Linux yenyewe kiufundi ni kerneli, Linus Torvalds aliitoa 1991 akiwa mwanafunzi huko Ufini, halafu watu wengine wanaizungushia mazingira ya desktopu, vifaa na duka la programu, huo mkusanyiko mzima ndo unaitwa distro. Ni bure, na matoleo ya Ubuntu yenye herufi LTS yanapata apdeti za kawaida miaka mitano, mfano 24.04 iliyotoka Aprili 2024. Unayesoma kompyuta sayansi, wewe kwako hii ni namba moja, kwa sababu utajifunza michakato, ruhusa za mafaili na amri za teminali (dirisha la kuandika amri) kwa kuzitumia kila siku badala ya kukariri usiku wa mtihani.

Kasoro zake nazo nizitaje. Microsoft Office ya kusakinisha haipo, utatumia LibreOffice au ile ya kwenye brauza, na dokumenti zenye mapambo mengi huwa zinahama hama kidogo. Brauza zile za kufunga kompyuta wakati wa mtihani wa mtandaoni nyingi hazina toleo la Linux, uliza idara kabla. Na kuna habari ya draiva za Wi-Fi, hiyo dawa yake ni rahisi: weka Linux kwenye flashi, iwashe laptopu kutokea kwenye flashi bila kusakinisha chochote, kisha jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, na uifunge ilale uone kama inaamka. Vyote vikikubali ndo unanunua. Kama bado unaiogopa, unaweza kuweka mifumo miwili kwenye diski moja ukawa unachagua wakati wa kuwasha, ila hakikisha umenakili mafaili yako pembeni kwanza, maana kugawa diski ni mahali ambapo kubofya vibaya mara moja tu kunafuta kila kitu.

Namba tatu MacBook, na hapa najua nitatukanwa. Sikatai, MacBook zenye chipu za M, zilizoanza mwishoni mwa 2020 na M1, zina betri inayodumu na hazipigi kelele. Shida yangu ni mbili. RAM imeunganishwa humo humo kwenye chipu, ukinunua ya 8GB utakufa na 8GB, hakuna fundi wa kukuongezea. Pili, zile za chipu ya M haziwezi kuwashwa na Windows pembeni kama za Intel zilivyokuwa na Boot Camp, so programu ya kozi ikiwa ni ya Windows tu unaanza kuhangaika na mashine pepe, yaani Windows inayoendeshwa ndani ya macOS kama programu. Na za Intel zenyewe ziache sasa, Apple walishasema macOS 26 ndo toleo la mwisho kuzipokea. Kama unafanya usanifu wa picha, video, au kutengeneza app za iPhone, isogeze mpaka namba moja, hapo sina ubishi.

Chromebook nimeiweka ya nne. ChromeOS imejengwa juu ya kerneli ya Linux ila kazi zake karibu zote ni za brauza, ndo maana hata mashine yenye RAM ndogo haikuchoshi haraka. Kwa mtu wa insha, slaidi na utafiti wa mtandaoni, na intaneti anayo muda wote, inatosha. Ila ina tarehe ya mwisho wa apdeti: modeli zilizotoka 2021 na kuendelea zinapata miaka 10, na inahesabiwa tangu modeli ilipotoka, sio tangu wewe uliponunua. Fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu ChromeOS, tarehe utaiona. Angalia pia kama kuna maneno kwamba kifaa kinasimamiwa na shule au kampuni. Ukiyaona hayo irudishe mezani, kwa sababu hata ukiifuta yote inarudi kule kule kumtafuta mwenye nayo.

Ya mwisho, ambayo hata nisingeitaja ila inawapata wengi kwa sababu ni mpya, iko kwenye boksi na inang'aa: Windows, RAM 4GB ya kuchomelewa, hifadhi 64GB ya eMMC. eMMC ni hifadhi ya aina inayokaribiana na ile ya kwenye simu za bei ya chini, taratibu kuliko SSD. Windows ikishakaa, Office ikakaa, nafasi inayobaki ni kiduchu, ikija apdeti kubwa inakwambia futa vitu kwanza, na huna cha kufuta. Ndiyo, masharti ya chini ya Windows 11 inayatimiza. Masharti ya chini ni ya kuwaka, sio ya kufanyia kazi. Baadhi huja na S mode pia, ambayo inakubali programu za duka la Microsoft peke yake. Kuitoa ni bure ila ukiitoa hairudi.

Kitu kidogo cha flashi, maana kila muhula lazima mtu alie. Mfumo wa mafaili ndo utaratibu ambao mfumo endeshi unapanga vitu kwenye diski. Flashi ya FAT32 haipokei faili moja linalofika 4GB hata kama ina nafasi 60GB, NTFS macOS inaisoma ila haiiandikii. Iformati exFAT, itakubali Windows, Mac na Linux za siku hizi.

Na kwa zote zilizokwisha kutumika na mtu mwingine, kabla hujalipa mwambie muuzaji aifute mbele yako mpaka ifike pale inapouliza lugha na akaunti, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Mac ikidai Apple ID ya mtu mwingine, Windows ikikaribisha kwa jina la kampuni fulani na kutaka barua pepe ya kazini, au BIOS (programu inayoamka kabla ya mfumo endeshi) ikitaka paswadi asiyoijua, muuzaji akuitie mwenye mali aje aifungue, na kama "yuko safari" basi tafuta nyingine.