Lipa namba dukani kwangu Uyole: mwaka na nusu napokea hela bila mashine ya kadi

Nauza mchele Uyole, Mbeya, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu, na watu wananiuliza sana dada mbona huna mashine ya kadi lakini kila mtu analipa kwa anachotaka, basi leo niandike yote kwa mara moja, mazuri na mabaya, maana najua wafanyabiashara wenzangu wa Mwanjelwa na Kabwe ambao mpaka sa hivi wanapokea kwenye namba zao binafsi na wanaumia bila kujua wanaumia wapi.

Mi mwenyewe nilianzia huko. Hela za duka zilikuwa zinaingia kwenye laini ya mdogo wangu kwasababu yeye ndo anakaa kwenye mzani, mi mara nyingi niko Igurusi mashineni nakoboa mpunga. Mteja akitaka kulipa kwa simu tunamwambia "weka na ya kutolea". Hilo neno lilikuwa linatufukuzia wateja mbele ya macho yetu. Mtu kachukua kilo 5, kilo ni 2,800, jumla 14,000, ukimwambia aongeze ya kutolea anakuangalia tu, anasema ngoja nikatoe kwa wakala hapo nakuja, na ndo imetoka hiyo, humuoni tena. Afu kuna siku mama mmoja wa mgahawa, mteja wetu wa kila wiki, akatuma 60,000, message inaingia mdogo wangu anaona salio ni 17,000 na kitu. Kumbe alikuwa na mkopo wa simu, hela ilivyotua tu ikakatwa deni palepale. Sikumgombeza, alikopa mtoto akiwa anaumwa na alikuwa anajipanga kulipa mwisho wa mwezi, ila siku ile nilielewa kwamba hela ya duka na shida za mtu haziwezi kulala kwenye laini moja.

Nikaenda kuomba lipa namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu. Niliulizwa namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, TIN ile namba ya mlipakodi, na leseni ya biashara, nikaweka kidole, wakaandika jina la duka, nikapewa laini ya duka peke yake na stika ina namba kwa maandishi makubwa na chini yake ile picha ya QR yenye nembo ya TANQR, ile QR ya pamoja ya malipo Tanzania. Nikaibandika kwenye ubao mbele ya mzani. Hicho ndo kifaa changu chote, karatasi iliyobandikwa. Hakichajiwi, hakiishiwi rola ya risiti, umeme ukikatika hakina habari, na huku kwetu mvua za mwezi wa tatu zikianza mnajua wenyewe umeme ulivyo.

Kwa mteja kazi ni ndogo. Mwenye simu janja na bando anafungua app ya mtandao wake au ya benki, anaskani, anaweka kiasi. Asiye na bando, au mwenye kitochi, ile simu ndogo ya batani, anapiga menyu ya mtandao wake kama kawaida, *150*00# au *150*01# au *150*60#, anaenda kwenye kulipa, anaweka namba iliyoko kwenye stika, kiasi, linatokea jina la duka, anahakiki ndo anamalizia. Hapo kwenye jina nawaambia wateja wote wasome kwanza wasikimbilie, mama wajawazito, wazee, wote, "mama soma jina linasemaje", maana namba ikikosewa tarakimu moja hela inaenda kwa mtu mwingine na kuirudisha ni safari. Na naomba tusiidharau hii njia ya menyu. Watu wanaishangilia QR kwasababu inapendeza, ila kwenye duka langu wanaoskani ni wachache, wengi ni wa namba, wakulima wanaoshuka kutoka Igoma na Kawetere wamekuja na viazi mjini wanarudi na mchele, simu ni ndogo ila hela ipo. Kifaa kinachotaka simu kubwa na intaneti peke yake kingewaacha nje hawa, na hawa ndo wanaoniweka mjini.

Kingine kilichonifurahisha ni habari ya mitandao. Zamani ukienda dukani unakuta stika tatu nne ukutani, kila mtandao na yake, na mfanyabiashara ana laini nne mfukoni. Sa hivi namba yangu moja inapokea kutoka mtandao wowote na kutoka benki, kwasababu mifumo imeunganishwa, nyuma yake kuna ule mfumo wa Benki Kuu unaoitwa TIPS unaopitisha miamala kutoka kwa mtoa huduma mmoja kwenda mwingine papo hapo. Mteja yeye hayo hayamhusu, anachojua kalipa na message imeingia.

Sasa kwenye message ndo nataka nikae kidogo, maana hapa ndo nimepigwa.

Jumatatu moja alikuja kijana, anaongea vizuri, anasema anapeleka mchele kwenye msiba, akachukua kilo 25, akalipa 70,000, hela ikaingia vizuri kabisa. Alhamisi karudi na bodaboda, mi sipo, anamwambia mdogo wangu dada nipe kilo 25 kama zile za juzi. Dukani kuna watu, mvua inanyesha, vumbi la barabara limeshageuka tope, kila mtu anataka ahudumiwe aondoke. Kijana akabonyeza simu akaigeuza, "dada tayari hii hapa", mdogo wangu akaangalia, kaona 70,000, kaona jina la duka letu, kaona maneno ya mtandao yalivyo siku zote. Akamfungia mfuko. Jioni tunapiga hesabu, laini ya duka inasema siku hiyo hakuna 70,000 yoyote. Tukarudi nyuma kwenye miamala, tukaiona ile ya Jumatatu, na mdogo wangu ndo akakumbuka kwamba tarehe kwenye ile simu hakuisoma. Ilikuwa message ileile ya kwanza. Ya kweli kabisa, ila ya siku tatu nyuma. Wengi tunaogopa message za kutengeneza, na zipo kweli, lakini huyu hakutengeneza kitu, alitumia risiti moja mara mbili.

Kwahiyo kuanzia siku ile utaratibu wa dukani ukabadilika. Laini ya duka nimeiweka kwenye kitochi chenye sauti kubwa, kimening'inizwa kwenye msumari pembeni ya mzani, na mfuko haushuki kwenye mzani mpaka kitochi kilie na anayeuza asome kiasi na saa. Simu ya mteja hatuiangalii kabisa, hata awe mchungaji wetu. Mwanzoni kuna waliokasirika, baba mmoja aliniambia "binti unanifanya mimi mwizi?" nikamjibu hapana baba, shikamoo, hata mwanangu akinunua hapa tunasubiri kitochi. Akasubiri, kikalia, tukacheka, mpaka leo ni mteja. Ubaya wake ni kwamba mtandao ukisuasua message inachelewa, kuna siku imechelewa karibu dakika 20 na mteja basi linamuacha. Siku kama hiyo tunaangalia salio kwa menyu, na salio likigoma namuomba alipe taslimu ama asubiri kwenye benchi. Inaudhi, sikatai, na kama una duka la watu wanaokimbilia basi ujue hilo kabla.

Upande wa kadi. Uyole ni barabara ya Tunduma, tunapata madereva wa malori na watu wanaotoka Zambia, na wengine wanakuja na kadi za Visa au Mastercard, laini za kwao huku hazilipi kwenye stika yangu. Mashine nilishakataa maana kwa mauzo yangu ya kadi, mtu mmoja wawili kwa wiki, haina sababu. Nikaambiwa na benki yangu kwamba simu yenyewe inaweza kupokea kadi, unaweka app yao, simu iwe Android yenye NFC, kile kifaa cha ndani kinachosoma kadi kwa kugusisha, mteja anagusisha kadi nyuma ya simu basi. Nimeitumia miezi minne. Inafanya kazi, ila ina mambo yake. Kwanza lazima ujue NFC ya simu yako imekaa wapi, yangu iko juu karibu na kamera, siku ya kwanza dereva anagusisha chini tunahangaika pale kama tunasugua simu, mara ya tatu nikavua kava maana lilikuwa nene, ikakubali. Pili siyo kila kadi inakubali, angalia kama ina ile alama ya mawimbi manne, kadi yenye chip tu bila hiyo alama huwezi kufanya lolote kwa simu, inataka mashine ya kuchomeka. Tatu hela ikiwa kubwa inaomba namba ya siri kwenye kioo cha simu yangu, na kuna watu hawataki kuandika namba yao ya siri kwenye simu ya muuza mchele, na mi nawaelewa kabisa, sijawahi kumlazimisha mtu. Pia hii lazima intaneti, haina njia ya menyu. Kwahiyo kwa wapita njia inanisaidia, kwa mteja wa kawaida stika inatosha.

Makato sitaki niandike tarakimu hapa maana yanabadilika na kila mtandao una yake. Ila kabla hujasaini omba karatasi ya makato uisome mwenyewe, uliza vitu vitatu, mteja anakatwa nini akilipa, mi nakatwa nini nikipokea, na nakatwa nini nikihamisha kwenda benki au nikitoa. Hilo la tatu ndo wengi hatuulizi. Mi sa hivi sitoi kabisa hela ikiwa ndogo ndogo, namlipa mwenye mashine Igurusi moja kwa moja kutoka kwenye laini ya duka, na mkulima anayeniletea mpunga pia, hela inazunguka bila kupita kwa wakala. Na ile "weka na ya kutolea" imekufa dukani kwetu. Mteja wa 14,000 namwambia 14,000.

Jambo jingine, stika haikuondolei risiti. Kama unatakiwa kutoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, utatoa tu hata kama kalipa kwa simu, nimeona watu wanachanganya hapo.

Faida ambayo sikuitegemea ni daftari. Mwisho wa mwezi naomba taarifa ya miamala, naona Ijumaa na siku za mwisho wa mwezi ndo nauza sana, Jumanne hakuna kitu, nikaacha kwenda kukoboa Alhamisi nikahamishia Jumanne ili Ijumaa niwe dukani na mchele mpya. Miaka yote nilikuwa nauza kwa kukisia.

Stika yenyewe jua limeipausha baada ya miezi kama minane, QR ikawa haisomi, nikapewa nyingine. Hii mpya nimeipeleka kwa wapiga picha pale stendi ikafanyiwa lamination, na nimeitundika ndani ya kivuli upande wa mzani, usawa wa macho ya mteja, mbali na mlango ili mtu asije akabandika yake juu ya yangu. Kila asubuhi mdogo wangu akifungua duka anaisoma tarakimu zote kwanza, ndo anafungua magunia.